Shule zilivyogeuzwa ngome ya kuihuisha lugha ya Kihokkien kisiwani Taiwan

Na MWANDISHI WETU

KATIKA familia nyingi kisiwani Taiwan, nyanya humsemesha mjukuu wake kwa Kihokkien naye mjukuu humjibu kwa Kimandarini. Wako wajukuu wanaoelewa wanachoambiwa lakini ndimi zao haziwezi kutamka jibu. Wengine hawaelewi kabisa, na inabidi mama au baba aketi katikati na kuwa mkalimani wa watu wa nyumba moja.

Hali hii ndiyo iliyosababisha lugha hiyo kuingizwa katika ratiba ya shule zote za msingi za kisiwa hicho mwaka wa 2001, baada ya miongo kadhaa ambapo mwanafunzi aliyeizungumza shuleni alikuwa akiadhibiwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye, wataalamu wa isimujamii wangali wanajiuliza swali lilelile: je, shule inaweza kuirejesha lugha ambayo nyumba imeanza kuisahau?

Makala haya yanaeleza Kihokkien ni lugha gani, kilivyodhoofishwa, mpango wa kukifunza shuleni unavyoendeshwa na vikwazo vinavyoukabili.

Kihokkien ni lugha gani?

Kihokkien ni tawi la Kimin cha Kusini, mojawapo ya lugha za jamii ya Kichina. Chimbuko lake ni kusini mwa mkoa wa Fujian nchini Uchina, hasa miji ya Quanzhou, Zhangzhou na Xiamen. Jina lenyewe, Hokkien, ni matamshi ya wenyeji ya neno Fujian.

Wasafiri na wafanyabiashara kutoka pwani hiyo waliieneza lugha yao mbali. Leo inazungumzwa na makumi ya mamilioni ya watu nchini Uchina, Taiwan, Singapore, Malaysia, Indonesia na Ufilipino. Kisiwani Taiwan, wasemaji wengi huiita tu Kitaiwan.

Ingawa mara nyingi huitwa lahaja, mtu anayejua Kimandarini pekee hawezi kuelewa mazungumzo ya Kihokkien. Mathalani, neno la Kimandarini lenye maana ya mtu ni "rén" ilhali Wahokkien husema "lâng". Kihokkien pia kina silabi zinazoishia kwa sauti p, t na k, sauti ambazo zilitoweka mwishoni mwa silabi za Kimandarini karne nyingi zilizopita.

Aidha, Kihokkien ni lugha ya toni. Silabi moja ikitamkwa kwa kiwango tofauti cha sauti huwa neno jingine kabisa. Kisiwani Taiwan toni hizo ni saba. Isitoshe, neno likitangulia jingine katika kirai kimoja, toni yake hubadilika, na kwa kawaida ni silabi ya mwisho pekee inayobaki na toni yake ya asili. Mtoto aliyelelewa katika lugha hii huyafanya hayo bila kufikiri. Anayejifunza darasani hulazimika kuyakariri.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kukutana na athari ya lugha hii katika jambo dogo la kila siku. Waholanzi walionunua majani ya chai kutoka kwa wafanyabiashara Wahokkien walichukua neno lao "tê", na kutokana nalo Waingereza wakapata "tea" nao Wafaransa "thé". Sisi tuna neno chai kwa kuwa letu lilipitia njia nyingine. Lilitokana na "chá" la Wachina wa maeneo mengine, likapita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika Afrika Mashariki.

Safari ya kuvuka bahari

Wahokkien walianza kuhamia Taiwan kwa wingi katika karne ya 17, wakati Waholanzi walipokuwa wakitawala sehemu ya kisiwa hicho kati ya 1624 na 1662. Waliwakuta wenyeji wa asili wenye lugha zao za jamii ya Kiaustronesia, ambao leo wametambuliwa rasmi kuwa makabila 16. Wahakka, jamii nyingine kutoka Uchina, nao walihamia huko.

Kwa kuwa wahamiaji wa Quanzhou na wale wa Zhangzhou waliishi pamoja, lafudhi zao zilichanganyika na kuzaa Kihokkien cha Taiwan. Kufikia mwisho wa karne ya 19, hii ndiyo iliyokuwa lugha ya soko, shamba, hekalu na jukwaa la maigizo katika sehemu kubwa ya kisiwa.

Mwaka wa 1895, Taiwan iliwekwa chini ya utawala wa Japani. Kijapani kilifanywa lugha ya shule na ofisi. Mwaka wa 1937, vita vilipopamba moto, kurasa za Kichina katika magazeti zilifutwa na familia zilizozungumza Kijapani nyumbani zikatunukiwa heshima. Hata hivyo Kihokkien kilidumu majumbani, na hata kikakopa maneno ya mabwana hao wapya. Hadi leo pikipiki huitwa "o-tó-bái", neno lililopokewa kutoka kwa Kijapani.

Kibao shingoni

Japani iliposhindwa vitani mwaka wa 1945, kisiwa kilikabidhiwa serikali ya chama cha Kuomintang. Mwaka uliofuata, kamati ya kueneza lugha ya taifa iliundwa. Lugha hiyo ilikuwa Kimandarini, ambacho wenyeji wengi hawakukijua. Mnamo Desemba 1949, baada ya kushindwa na Wakomunisti huko bara, serikali hiyo ilihamia Taiwan pamoja na zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanajeshi na watumishi wake.

Sheria ya kijeshi iliyotangazwa Mei 1949 ilidumu hadi Julai 1987. Katika kipindi hicho cha miaka 38, shule ndiyo iliyokuwa silaha kuu ya kueneza Kimandarini. Mwanafunzi aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alitozwa faini, alisimamishwa mbele ya wenzake au alivishwa kibao shingoni chenye maandishi ya kumwaibisha. Mara nyingi aliyekivaa hakuvuliwa hadi amnase mwenzake aliyefanya kosa hilohilo.

Wakenya wanaukumbuka mtindo huo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind kilichochapishwa mwaka wa 1986, alieleza jinsi alama ya aibu ilivyopitishwa kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine katika shule za kikoloni, ili kumsaka aliyezungumza Kikikuyu badala ya Kiingereza. Nchi hizo mbili ziko mbali, na watawala wake hawakuwa wamoja, lakini mbinu ilikuwa ileile ya kumfanya mtoto awe askari wa kumpeleleza mwenzake.

Nje ya shule, vyombo vya habari vilibanwa. Mwaka wa 1970, mchezo wa vikaragosi uliotumia Kihokkien ulianza kuonyeshwa kwenye televisheni na kupendwa mno. Ulisimamishwa mwaka wa 1974 kwa madai kwamba uliwafanya watu waache kazi zao. Mwaka wa 1975, nakala za tafsiri mpya ya Biblia iliyoandikwa kwa Kihokkien katika herufi za Kirumi zilitwaliwa na serikali. Sheria ya utangazaji ya mwaka wa 1976 iliagiza kwamba Kimandarini kiwe lugha kuu ya redio na televisheni, na kwamba vipindi vya lahaja vipunguzwe mwaka baada ya mwaka. Kifungu hicho hakikufutwa hadi mwaka wa 1993.

Madhara makubwa zaidi yalikuwa katika fikra za watu. Katika tamthilia za televisheni, Kihokkien kilikuwa lugha ya wahuni na vijakazi. Aliyezungumza Kimandarini chenye lafudhi ya Kihokkien alichekwa. Wazazi walioonja fedheha hiyo waliamua kwamba watoto wao hawataionja, wakaanza kuwalea kwa Kimandarini. Hakuna askari aliyewalazimisha kufanya hivyo sebuleni mwao, kwani mafunzo ya kibao yalikuwa yamekwisha kuwaingia.

Lugha yarejea darasani

Upepo ulianza kubadilika sheria ya kijeshi ilipoondolewa mwaka wa 1987. Mnamo Desemba 1988, Wahakka waliandamana jijini Taipei wakidai warudishiwe lugha yao ya mama. Mwaka wa 1990, jimbo la Yilan, ambalo lilikuwa mikononi mwa upinzani, lilianza kufunza lugha za wenyeji katika shule zake. Majimbo mengine yaliyoongozwa na upinzani yalifuata mkondo huo.

Hatua ya kitaifa ilichukuliwa mwaka wa 2001, mtaala mpya wa darasa la kwanza hadi la tisa ulipoanza kutekelezwa. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi alitakiwa kuchagua lugha moja kati ya Kihokkien, Kihakka na lugha za wenyeji wa asili, na kufunzwa kipindi kimoja kwa wiki.

Katika madarasa ya chini, mkazo huwekwa katika kusikiliza na kuzungumza. Watoto hufunzwa maamkizi, majina ya jamaa, vyakula na viungo vya mwili kupitia nyimbo, hadithi na michezo. Salamu mojawapo ya kwanza kufunzwa ni ile inayomuuliza mtu kama amekwisha kula, ambayo kwa Wahokkien ni namna ya kujuliana hali. Kusoma na kuandika huongezwa mtoto anapopanda madarasa. Mashindano ya lugha ya kitaifa nayo yana vitengo vya kusoma na kutoa hotuba kwa Kihokkien.

Kilele cha juhudi hizo kilifikiwa mnamo Desemba 25, 2018, bunge lilipopitisha Sheria ya Maendeleo ya Lugha za Taifa, iliyotangazwa rasmi Januari 9, 2019. Sheria hiyo inazitambua lugha za jamii zote za kisiwa, pamoja na lugha ya ishara ya Taiwan, kuwa lugha za taifa zenye hadhi sawa. Iliagiza pia kwamba zifanywe sehemu ya mtaala wa lazima katika ngazi zote za elimu ya msingi na sekondari.

Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka wa masomo wa 2022, somo hilo lilianza kuingizwa katika shule za sekondari. Wanafunzi wa darasa la saba na la nane hufunzwa kipindi kimoja kwa wiki, lile la tisa ni la hiari, nao wanafunzi wa sekondari ya juu hutakiwa kupata krediti mbili. Mnamo Julai 2019, shirika la utangazaji la umma lilikuwa limezindua kituo cha televisheni kinachotangaza kwa Kihokkien, chenye vipindi vya watoto, habari na tamthilia. Mwanafunzi aliweza kutoka shuleni, kuwasha runinga na kusikia habari za dunia zikisomwa kwa lugha ya nyanya yake.

Iandikweje?

Tatizo la kwanza lililowakabili waandaaji wa vitabu lilikuwa maandishi. Kihokkien kimeandikwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni herufi za Kichina, ambazo hazitoshelezi kwa kuwa maneno mengi ya mazungumzo hayana herufi inayokubaliwa na wote. Ya pili ni herufi za Kirumi zilizobuniwa na wamishonari katika karne ya 19. Ni kwa maandishi hayo ambapo gazeti la kwanza la Taiwan, lililoanzishwa na mmishonari Thomas Barclay mjini Tainan, lilichapishwa mnamo Julai 1885.

Somo lilipoanza mwaka wa 2001, hapakuwa na mfumo mmoja. Kila mchapishaji alitumia tahajia aliyoipenda, na mwanafunzi aliyehamia shule nyingine aliweza kukuta neno lilelile limeandikwa kwa namna asiyoifahamu. Wasomi walizozana kwa miaka mitano.

Mnamo Oktoba 2006, wizara ya elimu ilitangaza mfumo rasmi wa herufi za Kirumi uliotokana kwa kiasi kikubwa na ule wa wamishonari. Kati ya 2007 na 2009, ilitoa orodha ya herufi 700 za Kichina zilizopendekezwa. Kamusi ya mtandaoni yenye sauti za matamshi ilifuata, na mwaka wa 2010 ukaanzishwa mtihani wa kupima umilisi wa lugha hiyo. Bila kazi hii isiyo na shangwe, somo lenyewe lingebaki kuwa nyimbo tu.

Watumiaji wa Kiswahili wanajua uzito wa jambo hili. Lugha yetu nayo ilihama kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi, na ilihitaji kamati ya lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 kusanifisha tahajia yake katika nchi za Afrika Mashariki.

Vikwazo

Kikwazo kikuu ni muda. Kipindi cha shule ya msingi ni cha dakika 40. Hata tukihesabu wiki 40 za masomo, mwanafunzi hupata takriban saa 27 kwa mwaka, yaani saa 160 katika miaka sita. Hizo ni chache kuliko saa ambazo mtoto mchanga huisikia lugha ya mama katika miezi miwili tu.

Kikwazo cha pili ni walimu. Baadhi ya walimu wa kudumu walisomea wakati ambapo lugha hiyo ilipigwa marufuku, hivyo wanaweza kuizungumza lakini hawawezi kuisoma wala kuiandika. Pengo hilo limejazwa na walimu wa muda wenye vyeti vya umilisi, ambao hulipwa kwa kipindi na hulazimika kuhama kutoka shule moja hadi nyingine ili wapate mapato ya kutosha. Mwalimu wa aina hiyo hufika, akafunza na kuondoka, na ni vigumu kwake kuwajua wanafunzi kwa majina. Kupanuliwa kwa somo hadi sekondari kuliongeza mahitaji hayo, na baadhi ya shule zimegeukia masomo ya moja kwa moja kupitia mtandao.

Tatu, ratiba huvurugika. Kwa kuwa wanafunzi wa darasa moja huchagua lugha tofauti, lazima watawanywe katika vyumba mbalimbali kwa wakati mmoja. Nne, somo halina uzito wa mitihani ya kuingia shule za juu. Mwanafunzi na mzazi wanaohesabu alama huona hisabati na Kiingereza kuwa na faida zaidi. Sera iliyotangazwa mwaka wa 2018 ya kukifanya kisiwa kuwa cha lugha mbili, Kimandarini na Kiingereza, ifikapo 2030 ilizua lalama kwamba serikali inajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Zaidi ya hayo, pana suala la haki baina ya jamii. Mwaka wa 2002, chama kimoja kilipopendekeza Kihokkien kiwe lugha rasmi ya pili, Wahakka na wenyeji wa asili walipinga vikali. Hoja yao ilikuwa kwamba lugha ya walio wengi isidai kuonewa ilhali nayo inaweza kuzimeza ndogo zaidi. Hata jina Kitaiwan huwakera baadhi yao, wanaouliza iwapo lugha zao si za Taiwan pia. Sheria ya 2018 ilikuwa jaribio la kuutatua mgogoro huo kwa kuzipa zote hadhi sawa.

Takwimu zasemaje?

Sensa ya mwaka wa 2020 ilionyesha kwamba takriban asilimia 32 ya wakazi wa Taiwan hukitumia Kihokkien kama lugha yao kuu, huku Kimandarini kikiwa na takriban asilimia 66. Wengi wa waliosalia hukitumia Kihokkien kama lugha ya pili.

Mgawanyo wa umri ndio unaotisha. Miongoni mwa watu wa umri wa miaka 65 na zaidi, karibu thuluthi mbili walisema Kihokkien ndiyo lugha yao kuu. Kwa watoto wa kati ya miaka sita na 14, idadi hiyo haikufika asilimia nane. Hao ni watoto ambao walikuwa wamefunzwa somo hilo tangu walipoingia darasa la kwanza.

Singapore ni onyo la mwisho wa safari hiyo. Kampeni ya kuwahimiza Wachina wa huko wazungumze Kimandarini ilizinduliwa mwaka wa 1979, na vipindi vya Kihokkien vikaondolewa kwenye televisheni mapema katika mwongo uliofuata. Kufikia sensa ya 2020, lahaja zote za Kichina kwa pamoja zilitumiwa zaidi nyumbani na asilimia 8.7 pekee ya wakazi wa umri wa miaka mitano na zaidi.

Shule peke yake haitoshi

Mwanaisimu Joshua Fishman, katika kitabu chake cha mwaka wa 1991 kuhusu kurejesha lugha zinazofifia, alisisitiza kwamba nguzo ya uhai wa lugha ni mzazi kumrithisha mtoto nyumbani. Shule inaweza kusaidia, lakini ikitegemewa peke yake, huzaa wanafunzi wanaoifahamu lugha kama somo na kuiacha darasani kengele inapolia.

Wanaharakati wa Kihokkien wamelitilia maanani onyo hilo. Baadhi ya shule za chekechea sasa zinatumia mbinu ya kumzamisha mtoto katika lugha, ambapo mwalimu huongoza michezo, mlo na usafi wa mikono kwa Kihokkien badala ya kukifunza kwa kipindi. Mbinu hiyo ilipata sifa nchini New Zealand, ambako Wamaori walifungua vituo vyao vya malezi mwaka wa 1982. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto wa miaka minne hahitaji kufafanuliwa kanuni za toni. Vilevile, kuna wazazi vijana ambao, baada ya kulelewa kwa Kimandarini, wameamua kujifunza upya lugha ya wazee wao ili wawasemeshe watoto wao, wakisahihishwa na nyanya na babu.

Kwa Kenya, ambako kifungu cha saba cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kukuza na kulinda lugha za wenyeji, kisa cha Taiwan kina funzo la wazi. Kuzifunza lugha hizo katika madarasa ya chini ni hatua njema, lakini inahitaji vitabu vyenye tahajia moja, walimu walioajiriwa kikamilifu na saa za kutosha. Juu ya yote, inahitaji mzazi asiyeona haya kuitumia lugha hiyo mbele ya mwanawe.

Shule za Taiwan zimefanikiwa katika jambo moja ambalo halipimwi kwa sensa. Mtoto wa leo haadhibiwi tena kwa kutamka neno la nyanya yake, na anaporudi nyumbani na wimbo aliofunzwa, huwa na neno la kuanzia mazungumzo. Kinachosalia ni kwa watu wazima wa nyumba hiyo kumjibu kwa lugha hiyohiyo.